Jina la biashara huanzia mdomoni

Mdogo wangu alipoanza kutengeneza sabuni ya maji kule Mbagala, kitu cha kwanza alichonunua baada ya madumu na malighafi kilikuwa stika. Elfu mbili, rangi nne, zenye picha ya sahani inayometameta na jina la Kiingereza la maneno mawili lenye maana ya usafi unaong'aa. Wiki hiyohiyo fundi wa mabango akapanda ngazi na kuandika jina lilelile juu ya mlango wa fremu. Alipokuja kuingia kwenye mfumo wa serikali kulisajili, wiki tatu baadaye, akakuta kuna mwenzake aliyekwishasajili jina linalofanana nalo mno, hivi kwamba lake lisingepita. Stika zile bado zipo, ndani ya boksi chini ya kitanda cha mama yetu. Kila nikiziona naumia, maana mimi ndiye niliyemwambia, "Wewe chapa tu, usajili utafuata."

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wenye maduka, mama lishe, mafundi nguo na vijana wa simu jinsi walivyopata majina yao. Wengi wetu tumepita njia ileile: rangi kwanza, karatasi baadaye, kisha tunangoja tuone kama watu watalitamka. Naamini njia hiyo inapaswa kugeuzwa. Uanze na mdomo, ufuate karatasi, rangi iwe ya mwisho. Kwa nini? Kwa sababu neno "jina" limebebeshwa vitu vinne tofauti, na anayevichanganya ndiye anayeishia na boksi la stika.

Nenda duka lolote la kanga Mtaa wa Uhuru uombe kuonyeshwa doti. Kuna pindo linalozunguka, kuna mji katikati, na kwenye mji kuna maneno. Maneno hayo ndiyo yanayoitwa jina. "Hii jina lake nini?" mteja anauliza, naye anasomewa methali au fumbo. Lakini kwenye kanga nyingi za zamani kulikuwa na maandishi mengine madogo: K.H.E. Mali ya Abdulla. Hiyo ilikuwa alama ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyefahamika kwa jina hilo la Abdulla. Jina la kanga lilibadilika kila toleo, leo la mapenzi, kesho la kumsema jirani. Mali ya Abdulla ilibaki palepale. Maneno yalizungumza na mvaaji na wale wanaomtazama, alama ilisema kitambaa kimetoka kwa nani.

Basi kwenye kitambaa kimoja tayari tuna viwili. Maneno ni kile tunachokiita leo kaulimbiu, na ile Mali ya Abdulla ni alama ya biashara. Ongeza jina lililoandikwa kwenye daftari la serikali, ambalo mteja wako anaweza asilione maisha yake yote. Kisha ongeza jina la mdomoni, lile ambalo mtaa utakuita upende usipende. Vinne hivyo vinaweza kuwa neno moja, na ikiwezekana ni raha, lakini kila kimoja kina kanuni zake na kila kimoja hupotea kwa namna yake.

Nianze na la mdomoni, kwa kuwa ndilo linaloyashinda mengine.

Dar es Salaam ni mji unaojibatiza wenyewe. Waingereza walikuwa na kikosi chao cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps. Watu wakalisikia, wakalitia irabu, likawa Kariakoo, na leo hakuna anayeomba ruhusa ya mtu kulitamka hivyo. Mwezi Mei 2016 yalipoanza kutembea mabasi ya mradi wa DART, jina rasmi lilikuwa Mabasi Yaendayo Haraka. Ni Kiswahili sanifu kabisa, lakini lina maneno matatu na silabi kumi, na abiria aliye kwenye jua kali pale Kimara hana pumzi hiyo. Wananchi wakasema mwendokasi. Neno moja, silabi nne, likaenea mpaka kwenye vyombo vya habari. Hata vituo vyetu viko hivyo: Mtoni kwa Azizi Ally ni mtu aliyegeuka kituo.

Ukilitazama hilo kwa makini, unaona mdomo unataka nini. Unataka silabi zilizo wazi, zinazoishia na irabu. Kisichokuwa nayo, mdomo unaiongeza: Bajaj ilipofika kwetu ikawa bajaji, na ikaacha kuwa jina la kiwanda cha India ikawa jina la chombo chenyewe. Unataka jina fupi, lakini zaidi ya ufupi unataka kuwe na njia moja tu ya kuliandika. Hapa ndipo majina mengi ya Kiingereza yanapoangukia. Sina ugomvi na Kiingereza. Mwenye hoteli Masaki ambaye wageni wake wanatoka nje ana sababu zake. Lakini mdogo wangu alikuwa anauzia Mbagala, Charambe, Kongowe. Mteja akisikia jina lenye herufi zisizotamkwa, au lile la mtindo wa kisasa lililoandikwa kwa K mahali pa C, hawezi kulitafuta Instagram. Anaandika anavyosikia, na anavyosikia hakumfikishi kwako.

Kiswahili nacho kina mitego yake, tena mingine inauma kwa sababu hukuitegemea. Tulifikiria jina lenye ng', tuseme Ng'aa, maana sabuni na kung'aa ni ndugu. Lakini kile kikoma hakikubaliki kwenye anwani ya tovuti ya .co.tz wala kwenye jina la akaunti ya mtandaoni. Ukikitoa unabaki na Ngaa, ambalo halimaanishi lolote. Tulifikiria Povu. Zuri, la silabi mbili, mtoto mdogo analitamka. Ila kijana wa leo ukimwambia povu anakumbuka mtu anayefoka mtandaoni. "Katoa povu" ni kusema amehamaki. Nani anataka bidhaa yake itajwe kila kwenye ugomvi? Tukafika Umande, na kwa siku mbili nzima tulidhani tumefika. Ubaridi wa asubuhi, maji safi yaliyotoka juu, vyote vimo. Mama ndiye aliyetuuliza, "Mnataka watu waseme mmekimbia umande?" Tukanyamaza. Kukimbia umande ni kukacha shule, na mtu aliyekimbia umande ni asiyesoma. Labda wateja wasingewaza hivyo. Lakini jina ambalo mwenye utani anaweza kuligeuza kwa sentensi moja, atakuja siku moja akaligeuza.

Na kuna suala la r na l. Jiji hili limekusanya watu wa kila mkoa, kila mmoja na ulimi aliolelewa nao, na wengi wetu sauti hizo mbili hupishana. Hakuna ubaya wowote, ila mwenye biashara ya kupamba harusi akiiita Mahari ajue nusu ya wateja watasikia Mahali. Chagua neno ambalo r ikigeuka l, au l ikigeuka r, halizai neno lingine.

Kipimo chetu kilikuwa cha nyumbani. Tulimwita mtoto wa jirani wa miaka saba, tukamtajia jina mara moja, tukampa hela na kumtuma kwa dada wa fremu ya tatu amwambie anataka nini. Jina likifika salama, linabaki kwenye orodha. Likifika limekatika mkono, tunalifuta. Jioni tulipiga simu kwa ndugu zetu wa Morogoro na Tanga, tukalitaja jina na kuwaomba watutumie ujumbe wameliandika. Umande ulipita vipimo vyote viwili, ndiyo maana kuuacha kuliuma.

Kabla ya karatasi, jambo moja la haraka kuhusu upana. Jina linalotaja bidhaa na mtaa wako ni rahisi kueleweka siku ya kwanza na linakubana mwaka wa tano. Duka lililojiita kwa jina la Sinza na la vipuri vya pikipiki litahangaika siku litakapohamia Tegeta na kuuza matairi ya magari. Tazama Azam. Neno hilo halitaji unga wala bahari, na ndiyo maana limeweza kukaa kwenye mfuko wa unga, kwenye boti ya Zanzibar, kwenye aiskrimu, kwenye televisheni na kwenye jezi za mpira bila kugombana na yoyote kati yao. Herufi za kifupi kama za benki za NMB na CRDB nazo zina upana huo, ila zimejazwa maana kwa miaka mingi na kwa matawi mengi. Herufi tatu za fremu mpya ya Mbagala hazina kitu ndani.

Na usijidanganye kwamba utabadilisha baadaye. Mtandao wa simu uliokuwa Celtel ukawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Tigo ikawa Yas mwaka 2024. Wale wana fedha za kupaka upya nchi nzima na kurudia tangazo kila saa mpaka tuzoee. Mwenye mtaji wa madumu manne hana.

Sasa karatasi. Kwa Tanzania Bara mlango ni mmoja, BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, uliopo tangu 1999, na siku hizi maombi hufanyika mtandaoni. Mlango ni mmoja lakini ndani kuna vyumba vitatu, na wengi huingia kimoja wakitoka wanadhani wamepita vyote.

Chumba cha kwanza ni jina la biashara, chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213. Hapa unasema: mimi fulani nafanya biashara kwa jina hili. Ni cheti kinachokufungulia njia, utakihitaji kwenye akaunti ya benki na leseni, lakini hakikuzalii mtu mpya. Deni la biashara ni deni lako, na duka likishtakiwa umeshtakiwa wewe. Chumba cha pili ni kampuni, chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002. Hiyo inazaa mtu wa kisheria mwenye madeni yake na mali zake, ndiyo maana jina lake hubeba neno Limited mwishoni, na ndiyo maana mwenye jina la biashara tu haruhusiwi kujipachika neno hilo. Katika vyumba vyote viwili msajili anaweza kulikataa jina kwa kuwa linafanana mno na lililopo, linapotosha, ni la matusi, au linaashiria kuwa wewe ni sehemu ya serikali. Kuna maneno pia yenye wenyewe: huwezi kujiita benki bila leseni ya Benki Kuu.

Chumba cha tatu ndicho kinachosahaulika, nacho ndicho kinacholinda kile mteja anachokiona rafuni. Ni alama ya biashara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Cheti cha jina la biashara hakimzuii mtu mwingine kubandika jina hilohilo kwenye chupa yake na kulisajili kama alama yake. Akikutangulia, utakuwa mgeni kwenye jina ulilolizaa. Alama husajiliwa kwa madaraja. Mfumo wa kimataifa una 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na sabuni ziko daraja la 3. Ombi lako likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60 za kulileta. Ukishasajiliwa, ulinzi ni wa miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Tena unaishia Bara. Ukianza kupakia makatoni kwenye boti kwenda Unguja, Zanzibar wana msajili wao na sheria yao, na unaanza ombi upya.

Chumba hiki kina kanuni moja inayowashangaza wengi: jina linalotaja bidhaa moja kwa moja ndilo gumu zaidi kulimiliki. "Sabuni Safi" huwezi kuifanya yako, kwa sababu kila muuza sabuni anayo haki ya kusema sabuni yake ni safi. Neno linalodokeza bila kutaja lina nafasi. Neno lisilohusiana kabisa na bidhaa lina nafasi kubwa zaidi, ingawa utatumia nguvu nyingi kumzoesha mteja. Kila anayetafuta jina yuko kati ya mivuto hiyo miwili: mteja anataka aelewe haraka, sheria inataka uwe tofauti.

Kutafuta kama jina limeshachukuliwa ni kazi ya nusu saa kwenye mfumo, na nusu saa nyingine Instagram na sokoni, maana wengi wanafanya biashara bila kujisajili. Yote haya kabla ya kumwona mchapaji. Na angalia simu. Mteja akiingiza Lipa Namba yako, skrini inamletea jina kabla hajaweka namba ya siri. Kama bango linasema hivi na simu inasema jina la shemeji yako aliyekuazima namba, mteja anasita na kukutazama usoni. Tumechoshwa na utapeli, na hapo uaminifu unapungua palepale kwenye kaunta.

Nimeiacha kaulimbiu mwisho kwa kuwa ndiyo ninayoipenda. Lisikilize neno lenyewe: mbiu ni pembe, ile iliyopulizwa kuwakusanya watu. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kaulimbiu isiyo na jambo ni kelele, na mji huu umejaa kelele za aina moja: "Huduma bora kwa bei nafuu", "Ubora ni kipaumbele chetu". Zichukue uzihamishie duka la jirani, uone kama kuna mtu atagundua.

Nchi hii ina shule nzuri ya kaulimbiu. "Siasa ni Kilimo" ya 1972 na "Mtu ni Afya" ya 1973 ni maneno matatu kila moja, jina, "ni", jina, na kila moja inadai jambo ambalo mtu anaweza kulibishia. "Ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya" ya 2005 inapiga ngoma moja mara tatu. Mabenki nayo yamejifunza. CRDB wanasema "Ulipo Tupo": maneno mawili, silabi tano, na ile -po inayojirudia inafanya kazi ambayo ingehitaji sentensi nzima. NMB "Karibu Yako" inachezea neno ambalo kwetu ni salamu na ni umbali kwa wakati mmoja. Unakaribishwa na hapohapo unaambiwa si mbali. Vodacom waliposema "Kazi ni kwako" waliokota maneno ambayo kila mtu huyatoa akimaliza kumweleza mwenzake jambo: haya, kazi kwako. Kaulimbiu hizo zimeokwa kwa sarufi na misemo ya Kiswahili chenyewe, na ukitaka kuzihamishia lugha nyingine zinavunjika. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kaulimbiu ya Kiswahili.

Kipimo cha pili ni ukweli, na hiki ni cha sheria pia. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja. Ukiandika kwamba kinywaji chako kinatibu kisukari, umeshatoka kwenye kaulimbiu umeingia kwenye madai ya tiba, na huko kuna mamlaka zitakazokuuliza ushahidi.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba kaulimbiu inaweza kungoja. Jina haliwezi, lakini kaulimbiu ikae miezi miwili mitatu bila kuandikwa popote, huku ukiwasikiliza wanunuzi. Yetu ilikuja hivyo. Jina tulikwishalipata: Kitone. Tone dogo. Silabi tatu zilizo wazi, njia moja ya kuliandika, linadokeza kimiminika bila kutaja sabuni, na mtoto wa jirani alilifikisha bila kulikata. Tulitafuta kwenye mfumo, halikuwa na mwenyewe. Chupa zikawa zinatoka na karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

Mwezi wa pili, mama mmoja anayepika maandazi alirudi na chupa tupu akamwambia mdogo wangu, "Hii yenu nimeipenda, kidogo tu kinatosha." Akalipa, akaenda. Mdogo wangu akanipigia saa hiyohiyo. Tulichofanya ni kufupisha tu: Kitone, kidogo chatosha. Ki, ki, cha. Ngeli yenyewe ndiyo iliyotuimbia, hatukutafuta vina.

Hatukujua wakati ule kwamba maneno hayo yangemfunga. Bei ya slesi, ile kemikali inayoipa sabuni povu, ilipopanda, wenzake wengi waliongeza maji na chumvi ya kuzidishia uzito, sabuni ikaonekana nzito kwa macho huku nguvu imekwisha. Naye alilifikiria hilo, nilikuwepo. Akaiangalia ile karatasi kwenye chupa kwa muda, kisha akapandisha bei kwa kiasi kidogo na kuwaeleza wateja mmoja mmoja sababu yake. Wachache waliondoka. Mama wa maandazi alibaki.

Cheti cha jina kilipotoka na ombi la alama kuingia, daraja la 3, ndipo alipochapa stika, mia mbili tu. Jumamosi iliyofuata fundi akarudi na ngazi yake, akakwangua yale maneno mawili ya Kiingereza juu ya mlango, akapiga koti la rangi nyeupe na kuingoja ikauke. Kisha akaandika Kitone kwa buluu. Herufi sita. Alishuka chai yake ikiwa bado ya moto.